Ngoma za Wageni

Nyemo alianza kupiga kabla jua halijatoka. Sauti ya kwanza ilikuwa ya ngoma moja nzito, pigo moja tu, kisha kimya kirefu kiasi kwamba mgeni angedhani mashine imeharibika. Baadaye likaja pigo la pili. Ndani ya Ukumbi hakuna aliyelisikia kwa masikio. Lilipita kwenye mabamba ya chuma yaliyofungwa chini ya vitanda, likapanda kwenye magodoro, likaingia mbavuni mwa watu waliolala. Mioyo yao, ambayo kwa miaka sita ilikuwa ikipiga kwa uvivu kama inayokumbushwa kila mara, ikaanza kulifuata.

Watu hao walikuwa wa Bahi. Ukame ulipokataa kuondoka na visima vikaanza kutoa tope badala ya maji, kila kaya ilikubali kubakiza mtu mmoja macho wa kulinda nyumba na mifugo iliyosalia. Wengine walichomwa dawa iliyotokana na kamongo, yule samaki anayejizika kwenye tope ziwa likikauka na kungoja mvua hata miaka. Mtu aliyelala kwa dawa hiyo hakula. Maji aliyapata kwa matone. Hakuzeeka hata kidogo. Sasa mvua ilikuwa imerudi misimu miwili mfululizo, mtama ulikuwa umesimama mashambani, na waliobaki macho walitaka watu wao.

Kulaza ilikuwa kazi ya madaktari. Kuamsha ilikuwa kazi ya watu kama Nyemo. Zamani alikuwa dijei Dodoma mjini, kwenye harusi na kumbi za starehe, na watu walimfahamu kwa jambo moja: hakuwa na haraka. Wenzake waliwapa watu wimbo wanaoutaka mara tu wakiingia. Yeye aliwapandisha taratibu, kidogo kidogo, mpaka mtu aliyekuja kukaa na soda yake akajikuta katikati ya uwanja bila kukumbuka aliinuka saa ngapi. Utafiti ulipoonyesha kwamba moyo uliolala hauitii mlio wa mashine, kwamba unauzoea na kuupuuza, na kwamba unachofuata ni ngoma iliyopigwa na mkono wa mtu, yenye makosa madogo ya mtu, inayopanda polepole kutwa nzima, walikwenda kutafuta madijei wa aina yake.

Kulikuwa na sharti moja. Ngoma zilipaswa kuwa za wageni. Katika Ukumbi wa kwanza kabisa kuamshwa, watu walipigiwa ngoma za kwao, muheme ya kina mama wa Kigogo, kwa sababu ilionekana ni heshima. Akili zao ziliitambua mara moja zikaamka, na miili ilikuwa bado baridi kama magogo. Walilala hivyo kwa saa nyingi, wakisikia kila kitu, wasiweze kufumbua jicho wala kuita. Wote walipona. Lakini wapo ambao hadi leo hawawezi kukaa chumba chenye giza. Tangu hapo waamshaji walitumia ngoma za Java, za Haiti, za Punjab, za Bahia kule Brazil, ngoma ambazo mwili unaweza kuzifuata bila akili kuuliza ni nani anapiga. Za nyumbani zilikuja mwisho, vidole vikishaanza kucheza. Na kwa sababu hiyohiyo ndugu hawakuruhusiwa kuingia Ukumbini. Sauti ya ndugu inaita kuliko ngoma yoyote.

*

Jua lilipofika madirishani, Nyemo alikuwa ameshatandika sahani za shaba za Java, zinazolia kama maji ndani ya mtungi, na juu yake akaweka mikono ya wapigaji wa Punjab. Kisha kwa muda mrefu hakufanya jambo la kuonekana. Aliongeza mlio mmoja akauacha uzoeleke. Kabla haujachosha, aliondoa mwingine ambao ungejua kwamba ulikuwepo pale tu ulipotoweka. Mapigo yalisogea mbele kwa kiasi kidogo mno. Alipovaa hedifoni zake na kufumba macho, aliusikia Ukumbi mzima ukipumua pamoja naye.

Dkt. Lutengano, msimamizi wa Ukumbi, alikuwa amekaa kando yake akitazama skrini. Kila kitanda kilikuwa na mistari miwili, mwekundu wa moyo na wa kijani wa akili. Mistari myekundu ilikuwa inapanda kwa pamoja. Ya kijani ilikuwa imelala, kama inavyotakiwa. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye desturi ya kusafisha miwani yake akiwa na wasiwasi, na Nyemo alijua kuna tatizo alipomwona ameivua kwa mara ya tatu.

Alimwonyesha kitanda kimoja cha safu ya dirishani. Mstari mwekundu wa hapo ulipanda kidogo mwanzoni, kisha ukabaki pale pale wakati wenzake wakiendelea. Jina lilikuwa Tasiana Komba.

Daktari alimweleza kwa sauti ya chini. Pengo likizidi kiasi, bamba la kitanda hicho litazimwa na yule mama atarudishwa usingizini. Ndivyo utaratibu ulivyosema. Nyemo aliuliza kama ataweza kuamshwa siku nyingine. Daktari alijibu kwamba waliowahi kurudishwa katikati ya njia bado wamelala, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupatikana tena. Nyemo akauliza kama Ukumbi wote unaweza kumsubiri. Unaweza, alisema daktari, lakini kwa muda mfupi tu. Damu za watu zilikwisha kuanza kupata joto na zilikuwa zinakula akiba ndogo ya sukari iliyobaki mwilini. Adhuhuri ikipita, kumsubiri mmoja kungeanza kuwaumiza wengi.

"Nje anasubiriwa na nani?" Nyemo aliuliza.

"Hakuna. Hakuandikisha ndugu."

Nyemo alirudisha macho kwenye mstari ule. Kulikuwa na kitu alichokiona asubuhi bila kukitilia maanani. Alipoingiza vile vyuma vidogo vya Bahia, vinavyolia haraka haraka na kwa usawa, mstari wa Tasiana ulishtuka ukapanda, halafu ukaanguka. Aliviingiza tena, chini ya kitanda kile peke yake. Mstari ukapanda. Ukakaa kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni akisikiliza, kisha ukashuka.

"Kuna kitu anakitafuta," alisema. "Kinafanana na hiki, lakini siyo hiki."

Aliufunga muziki kwenye mzunguko ulioweza kujishikilia kwa muda, akamwomba daktari asiguse kitu chochote, akatoka nje.

*

Nje watu walikuwa wamekaa chini ya maturubai wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Kila mmoja alikuwa amezeeka kuliko picha aliyoishika. Kulikuwa na masufuria makubwa ya uji mwepesi, kwa kuwa aliyeamka hapewi chakula kigumu, na kulikuwa na kina mama waliokuja na ngoma zao kwa ajili ya jioni. Nyemo alipouliza nani anamfahamu Tasiana Komba, walitazamana. Baadaye mwanamume mmoja mrefu, mwenye mvi nyingi kuliko umri wake, akasogea mbele.

Alijitambulisha kwa jina la Ndahani. Alisema Bi. Tasiana alikuwa mpangaji nyumbani kwake. Alitoka Songea akimfuata mumewe aliyefanya kazi relini, mume akafariki, naye akabaki Bahi akishona nguo barazani. Mke wa Ndahani alipofariki kwa uzazi, Bi. Tasiana ndiye aliyemlea mtoto. Hakuombwa. Siku moja tu alimchukua akamlaza kwenye boksi la vipande vya vitambaa, chini ya meza ya cherehani, akaendelea kushona huku akikanyaga pedali. Mtoto alikulia hapo. Jina lake Wendo, na alilazwa Ukumbini akiwa ndiyo kwanza ameanza shule.

Nyemo alifurahi, na papo hapo furaha ikamwisha. Cherehani. Kile alichokitafuta yule mama kilikuwa ni cherehani yake mwenyewe. Lakini aliuliza swali lililobaki, ingawa alishaliogopa jibu lake: Wendo amelala kitanda gani?

"Kando ya Bi. Tasiana," alisema Ndahani. "Niliomba mwenyewe wawekwe pamoja."

Nyemo hakumficha. Alimweleza kwamba mama yule anabaki nyuma, na kwamba akibaki hatapatikana tena. Alimweleza kwamba mlio wa cherehani unaweza kumwita, lakini mlio unasafiri sakafuni na kitanda cha jirani kitaupokea. Kwa watu wengine haungekuwa na maana. Kwa mtoto aliyelelewa chini ya pedali ile, huo ndio mlio wa nyumbani. Akili yake inaweza kuamka mapema, mwili ukiwa bado.

"Kwa muda gani?"

"Tangu hapo mpaka alasiri. Siwezi kuharakisha, Baba Wendo. Nikiharakisha, mishipa inapasuka. Siyo ya kwake peke yake, ya wote."

 Ndahani akamwambia kwamba alikuwa mlinzi kwenye ule Ukumbi wa kwanza. Yeye na wenzake ndio waliowabeba nje watu walioamka mapema. Alimbeba kijana mmoja, mcheza mpira, mwenye kifua kipana, aliyemng'ang'ania shingoni asikubali kushushwa chini, akiuliza tena na tena kama kweli anasikika.

"Hapana, dada," alisema. "Mwanangu hapana."

Hakusema kwa hasira. Nyemo aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani.

*

Dkt. Lutengano alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani yake. Alisema anamwonea huruma yule baba, lakini jambo lenyewe halikuwa gumu. Upande mmoja ni uhai wa mtu. Upande wa pili ni saa chache za hofu, na hata hizo hazina uhakika. Cherehani zilikuwepo pale kijijini, mlio wowote ungeweza kurekodiwa, na yeye kama msimamizi alikuwa na mamlaka ya kuamua bila ndugu.

"Hofu inapona," alisema. "Kifo hakiponi."

"Inapona kwa nani, daktari? Itakayobebeshwa ni ya mtoto ambaye hajaulizwa."

"Na Bi. Tasiana ameulizwa kama anataka kuachwa?"

 Nyemo alikaa kwenye meza yake akaendelea na kazi, kwa sababu Ukumbi ulimhitaji hata akiwa hana jibu. Aliingiza ngoma za Haiti moja baada ya nyingine. Alijua daktari hasemi uongo. Alijua pia kwamba yeye amemuuliza baba wa mtoto, na amejibiwa, na kwamba mtu anayeuliza huku ameshaamua kutosikia jibu ni afadhali asingeuliza kabisa. Mikono yake ilikuwa inawagusa watu hawa moyoni, kwa maana halisi ya neno hilo. Hakuna aliyekuwa na nguvu juu yao kuliko yeye siku ile. Angeweza kuwapeleka popote, nao wasingejua. Hilo ndilo lililomtia woga tangu siku yake ya kwanza katika kazi hii, na ndiyo maana hakutaka kuanza kuzoea kuamua peke yake.

Alimwambia daktari kwamba hataweka cherehani juu ya kukataa kwa baba wa mtoto. Alipoyasema maneno hayo alikuwa akiutazama mstari wa Tasiana, na alijisikia vibaya sana. Daktari hakubishana tena. Alivuta kiti chake karibu na swichi ya kitanda kile, akakaa akiangalia saa.

Jua lilikuwa limekaribia utosini mlango ulipogongwa. Nyemo na daktari walitoka wakaufunga nyuma yao. Ndahani alikuwa amesimama nje akitweta, na begani amebeba kichwa cha cherehani nyeusi. Nyuma yake jirani yake mmoja alikuwa akiteremsha meza na pedali kutoka kwenye pikipiki. Cherehani ilikuwa inang'aa. Kwa miaka yote ile alikuwa akiipaka mafuta.

"Nilidhani nakukatalia wewe," alimwambia Nyemo. "Nimefika nyumbani nikaiona hii, nikajua nimemkatalia yeye." Alivuta pumzi. "Lakini niwe ndani. Kama mwanangu ataamka, asiamke peke yake."

Daktari alikataa palepale. Sauti ya baba ingemwamsha mtoto kwa hakika, wakati cherehani ingeweza tu kumgusa na kumpita. Kumwingiza ilikuwa kugeuza jambo la huenda kuwa jambo la lazima. Ndahani aliona ukweli wa maneno hayo na mabega yakamshuka. Nyemo ndiye aliyesema kwamba anaweza kuingia akakaa kimya. Aushike mguu wa mtoto, asiseme neno lolote. Mstari wa kijani ukibaki chini, atoke kimya kama alivyoingia. Ukipanda, aanze kuongea, na asinyamaze.

Daktari alifikiri, akatazama saa, akaufungua mlango.

*

Walifunga cherehani pale kwenye veranda na Ndahani akakaa kuikanyaga, Nyemo akiwa ameshika maikrofoni karibu na gurudumu. Hakukanyaga ovyo. Alikanyaga kama alivyokuwa akikanyaga Bi. Tasiana: anasukuma gurudumu kwa kiganja, mwendo mfupi mara mbili kama anayejaribu, kisha mbio ndefu iliyonyooka, kisha kimya cha kugeuza kitambaa. Akarudia. Nyemo alisikia mara moja kwamba huu ulikuwa mdundo kamili, wenye pumzi zake na makosa yake, na kwamba yeye asingeweza kuubuni.

Alipokwisha kuurekodi alirudi mezani kwake, akaupunguza mwendo mpaka ukakaa sawa na moyo wa yule mama. Akauficha ndani ya vyuma vya Bahia ili usiingie kwa kishindo, kisha polepole akaanza kuviondoa vyuma. Ukabaki mdundo wa cherehani peke yake.

Mstari mwekundu wa Tasiana ulisimama. Halafu ukapanda, ukasita, ukapanda tena, na safari hii haukushuka. Dkt. Lutengano aliondoa mkono kwenye swichi.  Nyemo aliiongeza kasi ya cherehani kwa kiasi kidogo, akangoja, akaongeza tena, akimvuta yule mama kuelekea kwa wenzake.

Kando ya kitanda cha pili Ndahani alikuwa ameshaingia na kukaa kwenye kigoda, kiganja chake kikiwa kimeushika mguu wa binti yake. Alikuwa hajamwona kwa miaka sita. Mtoto alikuwa yuleyule, hata jino lililokuwa limeng'oka lilikuwa bado halijaota. Yeye ndiye aliyekuwa amebadilika.

Mstari wa kijani wa Wendo ulikuwa umelala. Ukaendelea kulala. Nyemo alikuwa ameanza kuamini kwamba jambo lile litapita salama ndipo mstari ukaruka juu, mara moja, kama mtu aliyeitwa jina.

"Ameamka," alisema daktari.

Nyemo alimgeukia Ndahani akampa ishara kwa mkono.  Yule baba akainama.

"Wendo, ni baba. Niko hapa, nimekushika mguu. Unanisikia, na mimi najua unanisikia. Mwili wako unakuja, mama. Unakuja polepole. Huna haja ya kufanya kitu."

Kwenye skrini mstari ulikuwa ukitetemeka kwa nguvu. Ndahani hakuweza kuuona, na ilikuwa heri. Aliendelea. Alimwambia mlio anaousikia ni cherehani, na Bi. Tasiana yuko hapo kitanda cha pili, naye anakuja. Alimweleza juu ya mvua ya kwanza ilivyoanguka mchana watu wakiwa wanakula, jinsi walivyoacha chakula kikalowa. Alimweleza habari za mbuzi mmoja mmoja, nani alikufa, nani alizaa, na jinsi yule wa kahawia alivyokula daftari lake la shule. Maneno yakimwishia alianza kumwelezea nyumba, chumba kwa chumba, kilichobadilika na kisichobadilika. Sauti ilimkauka. Daktari alimletea maji, akanywa huku akiendelea kugonga mguu wa mtoto kwa kidole, asije akadhani baba ameondoka.

Kwa Nyemo hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote. Kila kitu ndani yake kilitaka kukimbia. Angesogeza kidole kidogo tu, mapigo yangepanda na mtoto angefunguka mapema. Lakini palikuwa na Ukumbi mzima wa watu waliokuwa wakipanda ngazi ileile, na hakuna hata mmoja aliyestahili kusukumwa. Kwa hiyo alipiga taratibu. Aliiacha kila ngoma ikae muda wake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mikono yake ilibaki mitulivu. Baadaye aliona kwamba mstari wa kijani wa Wendo ulikuwa umepunguza kutetemeka. Ulikuwa umeanza kupanda na kushuka kufuatana na sauti ya baba yake.

*

Alasiri ilipoingia Nyemo alifungua milango. Kina mama wa Bahi wakaingia na ngoma zao, wakazishika katikati ya magoti, na muheme ikajaa Ukumbini, safari hii hewani, kwa ajili ya masikio. Vidole vikaanza kucheza juu ya mashuka. Mtu akakohoa. Mwingine akaita jina. Ndugu wakaingia taratibu kama walivyoagizwa, na Ukumbi ukajaa vilio vya watu walioonana tena.

Wendo alifumbua macho yakiwa yamejaa machozi tayari. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu.

"Una mvi," alisema.

Kisha akalia kwa sauti, kilio kikubwa cha mtoto aliyekuwa amekizuia kutwa, na Ndahani akamkumbatia akalia naye.

Bi. Tasiana aliamka baada ya wote. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye macho makali. Alipokunywa uji na kuelezwa yaliyotokea, hakushukuru. Alimgeukia Ndahani akamuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kumweka mtoto kwenye giza kwa ajili ya mwanamke mzee. Alisema wangemwacha. Alisema angekuwa amelala, asingejua kitu, na mtoto asingelia vile. Ndahani alisikiliza mpaka akamaliza. Alimjibu kwamba alikwisha kumwacha mara moja, asubuhi ile, na hakuweza kukaa na jambo hilo hata mpaka adhuhuri.  Bi. Tasiana alinyoosha mkono akamvutia Wendo kifuani.

Nyemo aliwaendea wakati vyombo vyake vilipokuwa vinafungashwa. Alichuchumaa mbele ya mtoto akamwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapiga ngoma, na yeye ndiye aliyeweka cherehani. Alijua kwamba huenda ingemwamsha vibaya.

Wendo alimkagua. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa umelala. Nilimuuliza baba yako."

"Ungeniuliza kabla sijalala."

"Ndiyo," alisema Nyemo. "Tulipaswa kuwauliza wote kabla hamjalala. Hatukufikiria. Tungekuuliza, ungesemaje?"

Mtoto alifikiri kwa uaminifu, akicheza na kifungo cha gauni la Bi. Tasiana. "Sijui," alisema mwishowe. "Labda ningekubali. Lakini ningesema baba aanze kuongea mapema."

Nyemo alimwambia daktari maneno hayo kama yalivyosemwa. Kulikuwa na vijiji vya kaskazini vilivyokuwa vinajiandaa kulala mwaka unaofuata. Dkt. Lutengano alisema watu wataulizwa kwanza, kila mmoja, na watoto pia: kama ukibaki nyuma unataka nini, na kama jirani yako akibaki nyuma uko tayari kuvumilia nini. Alisema atakwenda kuuliza mwenyewe.

Jioni ilipokaribia watu walikuwa wametapakaa nje kwenye nyasi, wakishangaa urefu wake. Wendo alikuwa amechoka, lakini kila macho yalipotaka kujifumba aliyafumbua kwa nguvu. Ndahani aliona na uso wake ukabadilika. Alimuuliza Nyemo kwa macho, naye Nyemo hakuwa na ngoma ya kumsaidia. Bi. Tasiana ndiye aliyempakata mtoto. Hakumbembeleza wala hakumwambia lala. Alianza kumpima mabega kwa shibiri, mikono, kiuno, akinong'ona vipimo vya gauni jipya, na kabla hajafika kwenye urefu, Wendo alikuwa amesinzia.

Wote watatu walikaa wakimtazama, bila kusogea. Kifua chake kilipanda na kushuka. Wanawake waliacha kupiga. Uwanja ulitulia, jua likazama, na mahali fulani mtu alikuwa anagawa ugali kwa wale ambao hawakuwa wamelala.

Wendo akafumbua macho mwenyewe. Alitazama huku na huku, akapiga miayo.

"Nina njaa," alisema.